Upande wa Ndani

Huko Artik jiwe hutoka ardhini na rangi ya waridi,
laini kama halua siku ya kwanza,
kisha upepo wa milimani hulikaza.
Ndiyo maana fundi hana muda wa kusitasita.
Mimi nilisitasita miaka kumi na tisa.

Kwa Mjomba Hrant kazi yangu ilikuwa kusawazisha:
pande sita, pembe kamili, vumbi puani, ujira Ijumaa.
Maua yalichongwa na wanaume wawili wa mbele
wenye viti, na majina yao mlangoni.
Hakuna aliyenikataza. Hilo niseme kweli.
Hakuna aliyeniuliza, nami nikadhani hilo ni jibu.

Ila mkono una njaa yake.
Saa ya chakula, wenzangu wakifungua mkate na jibini,
niligeuza jiwe, nikachonga mgongo wake,
ule utakaotazamana na chokaa:
mzabibu, kwale aliyegeuza shingo,
mara moja uso wa mama akipuliza chai.
Waashi wakaja, wakabeba,
wakazika ukutani bila kutazama,
nami nikarudi nyumbani nimeshiba.

Husemwa kizuri chajiuza.
Kitajiuza kwa nani, ndani ya ukuta?
Kwa mjusi? Kwa unyevu?
Unyenyekevu, niliuita, nikajitanda kama shali.
Ilikuwa hofu tu,
hofu iliyofuliwa na kupigwa pasi.

Machi ile, theluji imebaki vivulini,
manispaa ilitaka barabara pana.
Buldoza likasukuma ukuta wa ghala la mvinyo,
mawe yakabingirika, yakalala chali,
na dereva akazima injini.

Watu wakajaa. Mwalimu mstaafu akavua kofia:
"Hii ni kazi ya wahenga."
Mjomba Hrant akaafiki. Fundi wa siku hizi, akasema,
hana subira ya kumtia kwale unyoya mmoja mmoja.
Nami nilikuwapo, mikono mfukoni mwa aproni,
nikiitikia kwa kichwa.
Nilikuwa tayari kabisa
kuwa marehemu wa miaka mia nne
ili mradi nisiulizwe.

Kisha mtoto mmoja, kamasi zikimchuruzika,
akachuchumaa mbele ya komamanga langu lililopasuka,
akahesabu kwa kidole:
"Punje saba."

"Nane," nikasema.
"Moja iko chini ya ganda. Ingiza ukucha."

Akaingiza. Akaipata.

Sijui nani alianza kugeuka.
Nilisikia maji ya theluji yakidondoka kutoka paa la jirani,
tone, tone,
na Mjomba akanitazama kama mtu
aliyekuta chumba kingine ndani ya nyumba yake mwenyewe.
"Satenik?" alisema.
Basi. Akakohoa, akaenda zake.
Kesho yake kulikuwa na kiti cha tatu mbele,
mguu mmoja mfupi, umekingwa kwa kigae.

Sisemi kwamba dunia iligeuka.
Jiwe langu la kwanza linalotazama barabara
limekwenda upande. Kwale amekuwa bata.
Wapita njia wanacheka, na wana haki.
Ndani ya ukuta hakuna aliyewahi kunicheka;
ndani ya ukuta sikuwahi kukosea hata mara moja,
na huo ndio uliokuwa utamu wake, na sumu.

Wakati mwingine, usiku, nawaza mawe mengine,
yale ya shule, ya hospitali, ya nyumba ya posta,
maua yangu yote yakitazama giza.
Siwezi kuyafuata. Kuta zile zimebeba watu.

Lakini hili la leo limetoka ardhini alfajiri.
Bado ni laini.
Nimelibandika mezani, uso juu,
nimevuta kiti chenye mguu mfupi,
na upepo wa mlimani umeshaanza kuvuma.